Mitungi Sita, Uzito Mmoja

Kila neno utakalosoma katika sura hii ni kweli tupu. Sijatia chumvi, sijapunguza. Nimewahi kuwaapia watu wengi hivyo, nakiri, lakini safari hii nina shahidi, naye ni Inspekta mwenyewe. Nilimwapia asubuhi ya Jumatatu, saa tatu na robo, mlangoni mwa stoo ya klabu ya matanga. Nilimwambia, "Mwanangu, nikikudanganya hata neno moja, nitaruka majini na viatu vyangu miguuni."

Akavitazama viatu. Vilikuwa vya ngozi, vyeusi, nimevipiga rangi asubuhi ile ile kwa heshima yake.

"Saizi gani?"

"Arobaini na mbili."

Akaandika. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kijitabu chake, na kila ulichosema kiliingia kwenye kijitabu hicho, hata ukipiga chafya. Nilidhani ananitania.

"Jina lako?"

"Wananiita Nahodha."

"Meli gani?"

"Nyingi tu," nikasema. Hilo nalo likaandikwa.

Nimweleze msomaji lililomleta Inspekta. Jumamosi, saa nne asubuhi, msichana tunayemwita Mshale, kwa jinsi anavyopita majini, alikuwa mazoezini na chombo chake. Upepo uligeuka, boriti inayoshika tanga ikampiga kisogoni, akatumbukia hali hajitambui. Jaketi lake la kuokolea ni la kisasa, jembamba kama ukanda wa begi, lile linalotakiwa kufura lenyewe likigusa maji. Halikufura. Waliokuwa kwenye boti ya uokoaji walimtoa chini ya maji dakika mbili baadaye. Alikuwa hospitali, anapumua kwa msaada wa mashine, na daktari alisema ataishi.

Jaketi lilipofunguliwa, mtungi wa gesi uliokuwa ndani ulikuwa mtupu.

Jumapili polisi walimkamata mdogo wake wa kike. Huyu tunamwita Fundo, maana hakuna kamba inayomshinda kufunga. Ni mchezaji wa akiba, na wiki moja kabla ya hapo, mbele ya timu nzima, alimwambia dada yake, "Siku utakayoanguka wewe ndiyo siku nitakayopanda mimi." Isitoshe, yeye ndiye aliyebeba begi la majaketi kwenye ndege timu iliporudi kutoka mashindanoni.

"Faili lake linatakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana," Inspekta alisema akiweka jaketi la Mshale juu ya meza yangu. "Likishafika huko, ni jaribio la kuua. Mama yao ana mtoto mmoja wodini na mmoja rumande, na amekaa kwenye benchi la kituo changu tangu jana, hataki hata chai. Kwa hiyo, Mzee, nifundishe. Hiki kitu kinafanyaje kazi?"

Hapo alikuwa amebisha mlango sahihi. Mimi nilijifunza majaketi haya peke yangu baada ya kustaafu, kwa kuyafungua na kuyafunga, na stoo nimekabidhiwa mwaka wa tatu huu.

Nilifungua zipu. "Huu mfuko ndio unaojaa. Huku chini kuna mtungi, mdogo kama kidole gumba cha mtu mnene, una gesi ndani. Mtungi unasokotwa hapa. Nyuma yake kuna sindano yenye springi, na springi imezuiwa na kidonge hiki. Kidonge kikilowa kinayeyuka, springi inaachia, sindano inatoboa mtungi, gesi inaingia kwenye mfuko. Puu. Mtu anaelea."

"Kidonge cha hili kiko wapi?"

Nikaangalia. "Kimeyeyuka."

"Na sindano?"

"Imetoka. Imefanya kazi yake."

"Kwa hiyo kila kitu kilifanya kazi," alisema, "ila mtungi ulikuwa umeshatumika kabla hata haujasokotwa." Akatoa bahasha, akaumimina mtungi wenyewe kwenye kiganja. "Nitazamie hili tundu."

Nilivaa miwani. Kwenye kichwa cha mtungi palikuwa na tundu dogo, na pembeni mwa tundu palikuwa na kutu, kutu ya siku nyingi, rangi ya chai kali.

"Kutu haioti kwa siku mbili," akasema.

"Haioti, Inspekta."

"Basi huu ulitobolewa muda mrefu uliopita, mahali pengine. Ninyi mitungi mitupu mnaiweka wapi?"

"Hatuiweki. Kanuni ya klabu: mtungi ukishatumika unapondwa kwa nyundo hapo hapo, unakuwa bapa kama chapati, ndipo unatupwa. Ili usije ukachanganyika na mizima." Nikamwonyesha nyundo ikining'inia kwenye msumari.

"Huu haukupondwa."

"Ndiyo hivyo. Huu umetoka nje. Mimi nakwambia, Inspekta, katafute kule uwanja wa ndege. Wale wakaguzi wa mizigo ni watu wa kuchokonoachokonoa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini safari hii kimekuja na ndege."

Aliandika, halafu macho yake yakapanda rafuni. Juu ya kopo la misumari pana kigogo kidogo nilichokitoboa mwenyewe, na ndani ya kigogo umesimama mtungi mwingine, kichwa chini, matako juu.

"Na ule?"

"Aa, ule," nikasema, na nikavuta kiti. "Ule ndio ulioniokoa mimi. Nilianguka melini usiku, mawimbi kama ghorofa. Jaketi likafura. Nikaelea usiku tatu, na papa mmoja ananizunguka, ananitazama kama mama mkwe anavyomtazama mkwe asiye na kazi. Asubuhi ya nne nikamwambia, papa, ama unile ama uende. Akaenda."

Aliandika kwa utulivu. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: *Usiku: tatu. Papa: mmoja.*

"Na ufunguo wa stoo hii unakaa wapi?"

Nikautoa kifuani, ukiwa kwenye kamba. "Hapa. Haujawahi kutoka shingoni mwangu, hata nikioga. Mke wangu anasema nimeoa ufunguo."

"Hata siku moja?"

"Hata dakika."

Nalo likaandikwa.

*

Kocha alikuja saa nne kasorobo, hajanyoa. Ni mtu mrefu anayeongea na wachezaji kwa filimbi, na watu wengine kwa mabega. Inspekta alimkalisha kwenye pipa lililogeuzwa.

"Maneno ya Fundo kwa dada yake uliyasikia?"

"Niliyasikia. Kila mtu aliyasikia. Wale wawili wanagombana tangu tumboni, afande, na hawakuwa hata mapacha." Akapandisha bega. "Jioni ile ile walikula sahani moja."

"Hukuwaambia polisi hilo la sahani."

"Hawakuniuliza habari za chakula."

"Nieleze safari."

Kocha akaeleza. Wachezaji sita, majaketi sita, mitungi sita. Mitungi ya akiba aliiacha nyumbani kwa makusudi, maana kila shirika la ndege lina sheria zake juu ya gesi, na kila mkaguzi ana zake juu ya zile za shirika. Alikuwa na barua ya shirika inayoruhusu jaketi na mtungi wake, na karatasi ya kiwanda inayoeleza gesi ya ndani. Kwenda, hakuna aliyewauliza. Kurudi, mkaguzi wa mizigo alitaka mitungi yote itolewe kwenye majaketi.

"Nani aliisokotoa?"

"Fundo. Mbele yangu, mbele ya mkaguzi. Ana vidole vyepesi. Akaipanga juu ya meza, mkaguzi akaitazama mmoja mmoja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya begi, begi akalifunga zipu kwa tai ya plastiki."

"Tai yenye namba?"

"Nyekundu. Namba sikumbuki."

"Begi lilifika hapa lini?"

"Alhamisi. Fundo alilikabidhi kwa Nahodha. Kazi ya kusokota mitungi na kukagua ni ya stoo, wachezaji hawaruhusiwi. Ijumaa nikachukua majaketi yakiwa na kadi zimejazwa. Jumamosi..." Mabega yalikuwa yameishiwa maneno.

"Mtungi mtupu usiopondwa umewahi kuuona hapa klabuni?"

"Sisi tunaponda, afande." Akafikiri. "Labda ule wa Nahodha wa papa."

"Ule uko palepale rafuni," nikadakia. "Haujahama."

"Naona," alisema Inspekta.

Alitoka nje kupiga simu. Stoo yetu ina dirisha lisilo na kioo, na masikio yangu hayajastaafu. Alihama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, akasubirishwa kwa muziki, akakatiwa, akapiga tena. Mara ya tano alimpata mkaguzi wa mizigo mwenyewe, akaweka simu kwenye spika ili aandike.

"Nawakumbuka," sauti ilisema. "Timu ya matanga. Yule binti aliniuliza kama mimi pia nafura nikilowa."

"Mitungi uliikaguaje?"

"Kwa macho, kwa kidole, na kwa kamera. Unapitisha kidole kwenye kichwa cha mtungi. Ukiwa na tundu, mtupu huo, mimi sina shida nao, ni chuma tu. Usipokuwa na tundu, una gesi, na gesi lazima niiripoti. Niliripoti sita. Nikipunguza mmoja kwenye ripoti nafukuzwa kazi, mama."

"Una picha?"

"Kila ripoti ina picha."

Picha iliingia kwenye simu yake baada ya dakika kumi. Alirudi ndani akanionyesha bila kuniachia simu. Mitungi sita imelala kwenye meza ya bati kama samaki sokoni, vichwa vinatazama kamera. Vichwa sita, laini, vinang'aa. Hakuna tundu, hakuna kutu. Pembeni ilionekana tai nyekundu, na namba yake ilisomeka.

"Soma, Mzee."

"Nne, nne, moja, saba."

"Sasa nipe daftari lako la kupokea vitu."

Daftari langu nalitunza vizuri, sina haya kulisema. Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa mkono wangu wenyewe: *Begi la majaketi limefika. Tai nyekundu 4417, haijakatwa. Nimeikata mimi.* Na kipande cha tai nilikuwa nimekitundika msumarini, kwa sababu mtu hajui lini atahitaji kitu chekundu.

Inspekta alikilinganisha kile kipande na picha, akakirudisha msumarini. Halafu akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akaweka penseli chini.

"Basi Fundo hakufanya," alisema. "Mitungi ilikuwa mizima ikiingia kwenye begi. Begi halikufunguliwa mpaka lilipofika kwenye meza hii. Na baada ya hapo?"

Kocha alinitazama. Mimi nilitazama nyundo.

"Baada ya hapo ufunguo uko shingoni mwako," Inspekta akaendelea. "Hata ukioga. Hata dakika."

"Mtu anaweza kuchonga ufunguo," nikasema.

"Anaweza. Saa ngapi hizi?"

"Tano na nusu."

"Tuna muda basi. Nipe kadi."

*

Kila jaketi lina kadi yake ya ukaguzi. Unaandika tarehe ya kidonge, maana kidonge huzeeka. Unaandika kama mfuko ulijazwa kwa mdomo ukalazwa usiku mzima bila kunywea. Na unaandika uzito wa mtungi. Hili la uzito ndilo kubwa kuliko yote. Kiwanda kimegonga uzito kwenye ubavu wa kila mtungi, unaupima kwenye mzani, ukipungua gramu mbili, hauingii kwenye jaketi.

Inspekta alizipanga kadi sita mezani, akazisoma kimya. Halafu akazisoma kwa sauti.

"Mia moja arobaini na nane. Mia moja arobaini na nane. Mia moja arobaini na nane." Akaenda hivyo hadi ya sita. "Familia yenye maelewano hii."

"Mitungi ya kampuni moja," nikasema.

Inspekta alitoa kwenye mkoba wake mzani mdogo, wa kupimia vidhibiti, akaushusha mezani. Yale majaketi mengine matano yalikuwa yamening'inia ukutani, yamefungwa na polisi tangu Jumamosi. Akamwambia Kocha ayafungue, moja moja, na asokotoe mitungi.

Wa kwanza ulipima mia moja arobaini na sita, na ubavuni umegongwa mia moja arobaini na sita. Wa pili, mia moja hamsini na moja. Wa tatu, arobaini na tisa. Wa nne, arobaini na saba. Wa tano, hamsini kamili. Kila mmoja na wake, na kila mmoja sawa na ulivyogongwa. Hakuna hata mmoja wenye arobaini na nane.

"Mitungi sita," Inspekta akasema, "uzito mmoja. Mzee, huo uzito ulitoka wapi?"

"Kwenye mzani."

"Ulete."

Niliuleta. Ni mzani wa jikoni, mke wangu aliutoa baada ya kugundua unamdanganya kwenye unga. Inspekta alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akaugeuza, akafungua kifuniko cha chini. Hapakuwa na betri. Palikuwa na buibui, na buibui yule hakuwa mgeni, alikuwa na nyumba na watoto.

Kocha alisimama kutoka kwenye pipa. "Nahodha. Hukupima?"

"Nilipima," nikasema. "Kwa mkono. Mkono huu, Kocha, ni mzani. Mtu akinipa mtungi gizani namwambia una gesi au hauna. Nimeshika mitungi elfu."

"Elfu ngapi?" Inspekta akauliza, penseli tayari.

"Elfu... nyingi."

"Kwa mkono."

"Kwa mkono. Haukosei kamwe."

Kocha akafungua mdomo, na Inspekta akamnyamazisha kwa kidole kimoja tu. "Mwache. Nataka kuuona mzani huo ukifanya kazi. Mzee, fumba macho, nyoosha mikono yote miwili."

Nilifumba. Wallahi nilifumba, sikuchungulia. Nilisikia viatu vyake vikitembea, nikasikia kitu kikiguswa, kikakwaruza. Halafu ubaridi wa chuma kwenye kiganja cha kushoto, na ubaridi mwingine kwenye cha kulia.

"Upi una gesi?"

Hapo nilitabasamu, msomaji. Nilijua nimeshinda. Tofauti ya mtungi mzima na mtupu ni gramu thelathini na tatu, na mkono wangu hauwezi kupitwa na gramu thelathini na tatu. Nilipandisha na kushusha, kidogo tu, kwa mbwembwe.

"Wa kushoto mzima, umejaa. Wa kulia mtupu."

"Una hakika?"

"Nikikosea nikatwe shingo."

"Fumbua."

Kulia nilishika mtungi wenye kutu, ule uliotoka kwenye jaketi la Mshale. Kushoto nilishika mtungi unaong'aa, kichwa laini, hauna tundu wala alama ya tundu. Nikageuka rafuni. Kigogo changu kilikuwa kimebaki na shimo.

Inspekta alichukua ule wa kushoto kutoka mkononi mwangu taratibu, akauweka mzanini. Mia moja hamsini na mbili. Ubavuni umegongwa mia moja hamsini na mbili.

"Mkono wako haudanganyi, Mzee," alisema. "Ni mdomo. Huu uliokuokoa usiku tatu na papa mmoja, mbona haujawahi kufunguliwa?"

Nikakaa kwenye pipa la Kocha.

"Alhamisi nani alikuwa humu?"

"Wageni," nikasema. "Watu wanne kutoka benki, wanataka kuidhamini klabu. Nilikata tai mbele yao, nikamwaga mitungi mezani. Wakaniuliza yale majaketi yanaokoa kweli. Nikashusha ule wa rafuni. Nikawapa... nikawapa hadithi ya papa."

"Ukauweka wapi ukiisha kuwaonyesha?"

"Mezani."

"Pamoja na sita."

"Pamoja na sita. Niliposimulia mawimbi nilihitaji mikono yote miwili." Nikaonyesha meza kwa kidole. "Halafu nikasokota huku nasimulia. Walikuwa wanacheka. Nilikuwa nawatazama wao. Nikachukua mmoja nikaurudisha kwenye kigogo, kichwa chini. Kichwa kinaingia ndani ya shimo, huoni kama kina tundu."

"Na kadi?"

"Wageni walipoondoka nilizijaza zote. Mia moja arobaini na nane ilikuwa kwenye kadi ya zamani."

Kocha alikuwa ameegemea mlango, amenipa mgongo. "Na ule wenye kutu," aliuliza bila kugeuka, "uliutoa wapi hasa?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. "Kwenye jaketi lako, Kocha. Miaka miwili iliyopita, ulinyeshewa na mvua likafura wewe uko kwenye kiti cha gari. Nilipaswa kuuponda. Nikauona mzuri. Nikaubakiza."

"Meli gani, Mzee?" Inspekta aliuliza tena, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali.

"Hakuna meli. Nilitunza stoo ya kiwanda cha magodoro, miaka thelathini na mmoja. Kuogelea sijui."

Aliandika yote. Penseli ilikuwa imebaki kipande. Alipomaliza alinigeuzia kijitabu na kunipa kile kipande.

"Saa sita na robo sasa. Kituo kiko mwendo wa dakika ishirini. Ukiandika sasa hivi, kwa mkono wako huo usiokosea, faili la Fundo halifiki kwa mwendesha mashtaka. Linafika lako, la uzembe. Klabu itakunyang'anya stoo, na hakimu atakutazama. Usipoandika, nina picha, tai, kadi na mtungi. Nitashinda, lakini sitashinda leo, na yule binti atalala rumande tena. Chagua."

"Nipe karatasi kubwa," nikasema.

Niliandika kurasa mbili. Hamna papa hata mmoja. Nilipotia sahihi, nilitoa kamba shingoni na kuuweka ufunguo juu ya karatasi, kwa mara ya kwanza tangu nipewe, na shingo ikahisi upepo.

Kituoni tulifika saa saba kasoro dakika tano. Mama yao alikuwa bado kwenye benchi, kanga ya mabegani ameikunja mapajani, anaikunja na kuikunjua. Inspekta alimnong'oneza. Mama aliinuka, akaja mpaka nilipo, nami nikajiandaa kwa kofi, maana lilikuwa haki yake.

"Wewe ndiye Babu Nahodha wanayemsimulia kila siku nyumbani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Utakwenda hospitali," alisema. "Utamwambia mwanangu mkubwa mwenyewe kwamba mdogo wake hakufanya kitu. Kwa mdomo huo huo."

Nilikwenda jioni ile. Mshale alikuwa ametolewa mashine, hana sauti, ila macho yake yalikuwa na sauti ya kutosha. Nilimwambia yote. Fundo alikuwa ameketi kitandani kwake, kiatu kimoja kimevuliwa, ameushika mguu wa dada yake juu ya blanketi kama mtu anayeshikilia kamba ya chombo. Mshale alininong'oneza jambo. Ilibidi niiname.

"Viatu," alisema.

Inspekta alikuwa ameshawasimulia.

*

Jumamosi ya wiki ya pili tulisimama gatini, saa nne asubuhi. Mshale kwenye kiti, amefungiwa shuka miguuni. Fundo nyuma yake. Kocha chini, ndani ya boti ya uokoaji, injini inanguruma. Inspekta alikuja bila sare, lakini na kijitabu.

Jaketi la Mshale nililiandaa mwenyewe, mezani, mbele yao wote. Kidonge kipya, nikawasomea tarehe. Mfuko nilikuwa nimeujaza kwa mdomo jana yake, ukalala mgumu kama ngoma, haukunywea. Mtungi ulikuwa ule wa rafuni. Polisi walishaupiga picha wakaurudisha, ushahidi wao ni ule wenye kutu. Nikaupitisha kidole kichwani. Nikauweka kwenye mzani wa Inspekta.

"Mia moja hamsini na mbili," nikasoma.

"Ubavuni?" akauliza Fundo.

"Mia moja hamsini na mbili."

"Soma tena, Babu."

Nikasoma tena. Nikausokota mpaka ukagoma, nikavaa, nikapitisha mkanda wa mapajani, nikakaza. Kichwani nilikuwa na sababu sita nzuri za kuahirisha, na moja ilikuwa na daktari ndani yake. Nilitazama viatu. Nilikuwa nimevipiga rangi.

Niliruka.

Maji yalikuwa baridi na yalinifunika kichwa, kukawa kijani, kukawa kimya. Halafu kitu kikapiga puu nyuma ya shingo yangu, na mkono mkubwa ukanishika makwapa na kunirusha juu kama gunia jepesi. Nilikuwa naelea, kidevu juu, nakohoa kila nilichokula tangu juzi. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeondoka chenyewe. Kutoka gatini nilimsikia Mshale akicheka, kicheko kikavu cha koo linaloumwa, na Fundo akimwambia nyamaza, daktari amekukataza.

Inspekta aliinama ukingoni, penseli mpya mkononi.

"Mzee, ulikaa chini ya maji muda gani?"

Kocha alikuwa anakuja na boti, nami niliona wazi kabisa jinsi ambavyo ingeweza kuwa dakika nne, na kitu chenye mapezi kikipita pembeni.

"Sekunde tatu," nikasema. "Andika tatu."